Msumeno wa sheria mbona hukata upande mmoja?

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Methali hii nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka wanafunzi wangu wameiandikia insha nzuri, zenye hati safi na hoja zilizopangika, wakieleza jinsi sheria isivyombagua tajiri wala maskini. Nami nimezisahihisha insha hizo na kuzipa alama za juu bila kusita. Leo naona haya kukiri kwamba siku moja, kwenye kizuizi cha polisi barabarani, niliuona msumeno huo ukinipita mimi na kumkata mtu aliyekuwa kando yangu, ilhali kosa letu lilikuwa moja.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Nilikuwa nikirejea nyumbani kutoka sokoni kwa kigari changu kikuukuu, na bima ya gari hilo ilikuwa imekwisha muda wake siku nne zilizotangulia. Sitasingizia kwamba nilikuwa nimesahau. Nilijua vizuri, ila nilikuwa nimejiambia kwamba ningeilipia mshahara ukiingia. Mbele yangu alikuwa amesimamishwa kijana mwendeshaji wa bodaboda. Kosa lake, kama nilivyosikia kwa masikio yangu mawili, lilikuwa lile lile: bima imekwisha.

Askari alikuja dirishani pangu, akaitazama stika ya bima kwenye kioo, akanitazama usoni, kisha uso wake ukakunjuka kwa furaha. "Mwalimu! Kumbe ni wewe? Ulinifunza Kiswahili kidato cha tatu!" Tukaamkuana, tukaulizana habari za jamaa. Kisha akasema, "Pita tu, Mwalimu, uende salama. Lakini hiyo bima uishughulikie." Akapiga saluti.

Yule kijana wa bodaboda alikuwa ameyasikia yote. Akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, "Afande, na mimi je?" Alijibiwa anyamaze na asukume pikipiki yake kando ya barabara. Nami nikatia gia, nikaenda zangu.

Je, msomaji, nilihuzunika? La hasha! Nilifurahi. Nilijiona mtu wa maana. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu jinsi kazi ya ualimu isivyomwacha mtu mikono mitupu, tukacheka. Ni usiku tu, taa zilipozimwa, ndipo swali la yule kijana liliponijia: na mimi je? Tangu siku ile sijapata jibu lake, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Naanza na nafsi yangu kwa sababu makala mengi yanayoandikwa kuhusu upendeleo wa polisi huanza na kuishia kwa polisi. Huwataja kuwa wala rushwa, wakatili na vibaraka wa wakubwa, kisha mwandishi huweka nukta, na msomaji hukunja gazeti akiridhika kwamba mwovu ametajwa. Lakini upendeleo haukai kambini peke yake. Una watu wanaoupokea, na kwa anayeupokea ni mtamu kama asali. Sote huulaani tunapokuwa upande wa yule wa bodaboda, na hutuishia ulimi pale tunapokuwa upande wa Mwalimu. Huo ndio mzizi ninaotaka kuufukua leo.

Kwanza, tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Yule kijana hakusingiziwa. Bima yake ilikuwa imekwisha kweli, na sheria inakataza chombo kutumiwa barabarani bila bima. Lau angepelekwa kortini, hakimu angemwona na hatia, na hakuna wakili ambaye angeweza kusema kwamba askari alivunja sheria kwa kumkamata. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukichukua ukamataji mmoja mmoja na kuupima peke yake, mara nyingi utaukuta ni halali. Dhuluma huonekana tu unapouweka kando ya ukamataji ambao haukufanyika. Aliyekamatwa ana jalada, ana nambari katika kitabu cha matukio, ana tarehe ya kufika mahakamani. Aliyeachwa hana chochote. Hakuna daftari lolote katika nchi hii lililoandikwa kwamba siku ile mwalimu mmoja alipita bila bima. Kwa hivyo mtu akitaka kuuthibitisha upendeleo kwa ushahidi, hukuta nusu ya ushahidi haikuandikwa kamwe.

Tabia hii haikuzuka jana. Wanafunzi wa historia watakumbuka kwamba sheria za nchi hii, zilipoletwa na wakoloni, hazikujisingizia hata kidogo kuwa msumeno wa kukata pande mbili. Mwaka wa 1907, Ewart Grogan, aliyekuwa kiongozi wa walowezi, aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, na kifungo alichopewa kilikuwa cha mwezi mmoja. Miaka michache baadaye, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 alilazimika kubeba kipande, mara nyingi katika kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni, na asipokuwa nacho angeweza kutozwa faini au kutiwa gerezani. Mzungu hakubeba kipande. Kazi ya polisi wa wakati huo ilikuwa kulinda mali na amani ya watu fulani dhidi ya watu wengine, na askari aliyevua kofia mbele ya mlowezi na kumrukia Mwafrika kwa rungu hakuwa amekiuka maagizo. Alikuwa akiyatekeleza.

Harry Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 kwa kupinga kipande na kodi, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Jibu lilikuwa risasi, na miongoni mwa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, lakini sheria nyingi za aina hiyo zilivuka nasi. Sheria ya uzururaji, kwa mfano, ilidumu hadi mwaka wa 1997 ilipofutwa kwa mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Mwanafunzi wa leo huenda asiamini kwamba kwa zaidi ya miaka 30 ya uhuru, mtu angeweza kutiwa katika karandinga kwa kosa la kuonekana hana kazi wala makao. Hebu tuulizane: ni nani aliyekamatwa kwa uzururaji? Je, ni mwana wa tajiri aliyezunguka mjini kutwa nzima bila shughuli? Sheria haikusema "maskini", lakini jicho la askari lilijua pa kutazama. Sheria yaweza kuandikwa kwa maneno yasiyombagua mtu, kisha ikatekelezwa kwa macho yanayobagua.

Ndiposa Katiba ya mwaka wa 2010 ilipopitishwa, wengi wetu tulipumua. Kifungu cha 27 kinatamka kwamba kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa. Aidha, kifungu hicho kinakataza mtu kuzuiliwa korokoroni kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu cha 245 nacho kinakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au kuhusu sheria itekelezwe dhidi ya nani. Maana yake ni kwamba Katiba iliutambua ugonjwa huu na kuutaja: simu ya mkubwa inayosema "huyu mwache" au "yule mshike".

Lakini karatasi ni kitu kimoja na barabara ni kitu kingine. Tazama yaliyotokea Aprili 2014, baada ya milipuko ya mabomu katika mtaa wa Eastleigh. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwasaka wauaji, na hakuna mwenye akili timamu aliyeupinga wajibu huo. Lakini msako wenyewe ulioitwa Usalama Watch uliwazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, Wakenya na wakimbizi kwa pamoja, na wengi wakapelekwa kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu mwenye kitambulisho halali cha Kenya alilazimika kuthibitisha tena na tena kwamba ni Mkenya, ilhali mwenzake mwenye jina na uso wa aina nyingine alipita njia ile ile bila kuulizwa lolote. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilitoa ripoti mwaka huo huo iliyoeleza malalamiko ya hongo na ya watu kuzuiliwa kupita saa 24. Ni kipande kilichorudi kwa mlango wa nyuma, safari hii shingoni mwa Mkenya mmoja na si mwingine.

Isitoshe, tukumbuke kafyu ya korona iliyoanza tarehe 27 Machi 2020. Kuanzia siku ya kwanza, watu waliokuwa wakipigania kuvuka kivuko cha Likoni walipigwa kabla hata saa ya kafyu haijafika. Siku chache baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Katika miezi iliyofuata, wakati mama mboga alipokuwa akitimuliwa kwa kuchelewa kufunga kibanda, wanasiasa wa pande zote walikuwa wakihutubia halaiki za watu waliobanana bila barakoa, na polisi wakiwalinda. Mwezi wa Agosti 2021, ndugu wawili, wanafunzi wote, walikufa baada ya kukamatwa na polisi wa kafyu huko Kianjokoma, Kaunti ya Embu. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Ugonjwa ulikuwa mmoja, na amri ilikuwa moja. Je, ni kigogo gani aliyelala korokoroni kwa sababu ya mkutano wake?

Hali kadhalika, sheria ya usalama wa umma humtaka anayeandaa maandamano kuwaarifu polisi angaa siku tatu kabla. Haimtaki aombe ruhusa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Hata hivyo, miaka nenda miaka rudi, tumeona mkutano wa kumsifu mkubwa ukilindwa na askari wanaoelekeza magari kwa adabu, na wa kumlaumu ukitawanywa kwa vitoa machozi. Tarehe 17 Juni 2025 jijini Nairobi, wahuni waliobeba marungu na mijeledi walionekana wakiwashambulia waandamanaji na wapita njia mbele ya macho ya polisi. Kubeba rungu barabarani kwa nia ya kumpiga mtu ni kosa. Lakini siku hiyo sheria ya marungu ililala, na sheria ya maandamano ikakesha.

Maandamano yale yalihusu kifo cha mwalimu mwenzetu. Kijana huyo alikamatwa nyumbani kwao Kaunti ya Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, na kesho yake akawa maiti. Kisa kilikuwa maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi za juu katika polisi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani, lakini uchunguzi wa madaktari ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Watu kadhaa, wakiwamo maafisa wa polisi, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, na si kazi yangu kuwahukumu. Ninachotaka tukitazame ni ule mwendo wa kwanza, kabla ya kifo: kasi ya sheria.

Fikiria mwalimu wa kawaida ambaye ametukanwa mtandaoni, na jina lake limechafuliwa mbele ya wazazi na wanafunzi. Aende kituoni kuripoti. Je, ataliona gari la polisi likifunga safari ya mamia ya kilomita kumfuata aliyemtukana? Huenda akaambiwa arudi Jumatatu. Mama aliyepigwa na mumewe huambiwa alete pesa za mafuta ya gari. Mkulima aliyeibiwa ng'ombe huulizwa kama anao mashahidi, kana kwamba wezi hualika watu. Upendeleo basi una sura mbili. Ya kwanza ni kumwachilia mwenye jina anapokosa. Ya pili, ambayo haizungumzwi sana, ni kumkimbilia mwenye jina anapolalamika na kumwacha asiye na jina akingoja kwenye benchi. Kwenye kuta za vituo vyetu pameandikwa "Utumishi kwa Wote". Aliyeketi kwenye benchi lile tangu asubuhi huyasoma maneno hayo mara nyingi.

Najua kuna watakaonijibu, na haki yao nitawapa. Watasema kwamba polisi ni binadamu, kwamba mshahara wao ni mdogo na makao yao ni duni, na kwamba afisa wa cheo cha chini hana uwezo wa kukaidi simu ya mkubwa bila kujikuta amehamishiwa mbali na jamaa yake. Hayo ni kweli. Jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka wa 2009, na lile la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga mwaka wa 2023, yote yaligusia hali mbaya za kazi za askari wetu pamoja na ufisadi ulioota mizizi. Askari anayelala katika nyumba iliyogawanywa kwa pazia si mtu wa kulaumiwa tu, ni mtu wa kuhurumiwa pia.

Watasema tena kwamba askari hawezi kumkamata kila mtu, na kwamba hekima ndiyo inayomtofautisha binadamu na mashine. Dereva anayekwenda kasi akimpeleka mgonjwa mahututi hospitalini hafai kutendewa sawa na anayekwenda kasi kwa ajili ya anasa. Hilo nalo ni kweli, na sipendi nchi ambayo askari wake hawana hekima. Lakini tusichanganye hekima na upendeleo kwa sababu tu zote mbili huishia kwa neno "pita".

Kuna kipimo rahisi, ambacho hata mwanafunzi wa darasa la nane angekielewa. Mwulize askari: je, sababu yako ya kumwacha huyu waweza kuiandika katika kitabu cha matukio na kuisoma kwa sauti mbele ya yule uliyemkamata? "Nimemwacha kwa kuwa alikuwa na mgonjwa garini" yaweza kuandikwa, na hata aliyekamatwa atatikisa kichwa kukubali. "Nimemwacha kwa kuwa alinifunza Kiswahili" haiwezi. "Nimemwacha kwa kuwa ni wa kabila langu", "kwa kuwa ni mheshimiwa", "kwa kuwa gari ni la afisa mwenzangu": hakuna moja kati ya hizi inayostahimili kusomwa kwa sauti. Hekima haiogopi kuandikwa. Upendeleo huishi kwa kutoandikwa.

Sasa nirudi kwa yule askari aliyenipigia saluti. Wiki iliyofuata, nilipokwisha kulipa bima, nilimtafuta. Sikwenda kumkemea, maana ningemkemea kwa kinywa gani? Nilitaka kujua yule kijana aliishia wapi. Aliniambia kwamba pikipiki ililala kituoni na mwenyewe alilala ndani, na kwamba asubuhi "mambo yalimalizwa". Sikuuliza yalimalizwa kwa kiasi gani. Nikamwuliza kwa nini hakunikamata na mimi.

Alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu, nikukamate wewe, watu wa nyumbani wanioneje? Na nisimkamate yule, mkubwa wangu aniulize jioni nimefanya kazi gani?" Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa upole ambao sitausahau: "Halafu, Mwalimu, hata shuleni ilikuwa hivyo. Unakumbuka orodha yangu?"

Nilikumbuka. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nikiwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya bweni, naye akiwa kiranja wa bweni. Usiku mmoja wavulana wawili wa kidato cha tatu waliruka ua wakaenda mjini. Aliandika majina yote mawili, akaniletea ofisini. Mmoja alikuwa mwana wa mkuu wa tarafa. Wa pili alikuwa mwana wa mjane aliyeuza mboga kando ya barabara. Baba wa kwanza alikuja kwa gari la serikali, akapewa chai, tukazungumza kama wazee, na mwanawe akaonywa kwa maneno. Mama wa pili alikuja kwa miguu. Nilimpa barua ya kumfukuza mwanawe kwa muda wa wiki mbili, na kumtaka alipe salio la karo ndipo kijana arudi. Hakurudi tena. Mwaka uliofuata wenzake walipoketi kufanya mtihani, jina lake halikuwamo.

"Niliandika majina mawili," askari yule aliniambia. "Moja lilifutwa."

Jina lile nililifuta mimi kwa mkono wangu. Na kiranja aliyesimama pale mlangoni, kijana wa miaka 17 ambaye baadaye angepewa sare na bunduki na taifa hili, alijifunza asubuhi ile somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba sheria huandikwa kwa ajili ya wote na kutekelezwa kwa wasio na gari la serikali. Alilifaulu somo hilo vizuri kuliko methali zote nilizomfundisha, kwa kuwa methali nilizisema tu, lakini somo hilo alinitazama nikilitenda.

Kwa hivyo walimu wenzangu, tunapokaa katika chumba cha walimu na kuwalaani polisi, tukumbuke kwamba hakuna askari aliyezaliwa akiwa na sare. Kila mmoja wao alipitia mikononi mwetu. Alituona tukimsamehe mtoto wa mwenyekiti wa bodi na kumwadhibu yatima. Alituona tukimpa nafasi ya kiranja mwana wa mwalimu mwenzetu. Pengine alituona tukifumbia macho wizi wa mtihani wa anayelipa, na kumfichua asiyelipa. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi ndio tuliopewa samaki huyo mbichi. Kila mwenye kosa na aandikwe. Na anayesamehewa aandikiwe sababu ambayo twaweza kuisoma mbele ya gwaride la shule nzima.

Nanyi wanafunzi, jifunzeni haki zenu kama mnavyojifunza ngeli. Ukikamatwa, uliza sababu kwa adabu. Ukiripoti jambo, usiondoke kituoni bila nambari ya OB, kwa maana lililoandikwa ni vigumu kulizika. Ukidhulumiwa na askari, iko IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011 kwa ajili ya malalamiko hayo hayo. Lakini zaidi ya yote, jifunzeni jambo gumu ambalo mimi nililishindwa: kukataa upendeleo unapowajia ninyi. Kupinga dhuluma unayotendewa si jambo gumu sana, maana hata maumivu yatakusukuma kulipinga. Kupinga dhuluma inayokufaidi ndiyo mizani ya uungwana.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini siku ile. Sidhani nilihitaji kuwa shujaa. Ingetosha kushuka garini na kusema, "Kijana wangu, nashukuru, lakini mimi na huyu tuna kosa moja. Ama utuandike sote, ama utuonye sote." Pengine angetuandika wote wawili, nikalipa faini na kuumia mfukoni. Pengine angetuachilia wote wawili kwa onyo, na yule kijana angelala kwake. Kwa vyovyote vile, sheria ingekuwa moja kwa watu wawili, walau kwa dakika moja, walau kwenye barabara moja ya nchi hii. Nami ningekuwa nimemjibu yule kijana swali lake badala ya kumwachia vumbi la gari langu.

Msumeno haujikati wenyewe wala haujishiki wenyewe. Una mpini, na mpini una mikono. Ya polisi imo, ya wakubwa wanaopiga simu imo, na yangu pia imo, mimi niliyepita. Tukitaka ukate mbele na nyuma, sharti kila mmoja wetu akubali kwamba siku moja utamfikia yeye, na siku hiyo asitafute nani anamjua kituoni.